Kibodi Inunuliwe kwa Vidole

Kibodi ndiyo sehemu ya kompyuta inayonunuliwa mwisho na kuharibika mwanzo. Mtu akishuka Goma kutafuta mashine atauliza RAM, atauliza diski, atauliza betri inakaa saa ngapi, atainamisha skrini kwenye mwanga kutafuta nyufa. Vitufe atavibonyeza viwili vitatu; akiona herufi zinatokea, basi, analipa. Miezi michache baadaye, akiwa amerudi zake Lushebere, N haiandiki mpaka uikandamize, na kitufe cha nafasi kinatupa nafasi mbili kila kinapoguswa.

Nimeitaja Lushebere kwa makusudi. Ni sentare iliyo jirani na Masisi-centre, katika nyanda za juu za Kivu Kaskazini, na jina lake likisikika redioni mara nyingi ni kwa habari za vita na za waliokimbia makwao. Hakuna anayeifikiria pale zinapozungumzwa kibodi za mekanika, vile vyombo vya vijana wa michezo ya kompyuta vinavyowaka taa za rangi saba. Hoja yangu ni kwamba tunawafikiria watu wasio sahihi. Kibodi ya mekanika inafaa zaidi Lushebere kuliko Nairobi au Brussels, kwa sababu Lushebere kuna mtu anayelipwa kwa kila ukurasa anaoandika, na fundi wake yuko mbali.

Mtu huyo unamkuta chini ya kibao kilichoandikwa Secrétariat Public. Vibao hivyo vimetapakaa Kongo nzima, kuanzia mitaa ya Goma hadi sentare zilizoko juu ya milima: chumba kimoja, kompyuta moja au mbili, printa, na fleshi za wateja zilizofungwa kamba zisipotee. Hapo ndipo mwanafunzi anapoleta TFC, yaani kazi yake ya kumaliza masomo, iliyoandikwa kwa kalamu. Mwalimu mkuu analeta alama za bulletin. Chama cha wafugaji kinaleta orodha ya wanachama na lita za maziwa, kamati ya wakimbizi wa ndani inaleta majina ya familia, na parokia inaleta matangazo ya Jumapili. Wengi wetu sasa tunaandika kwa simu, ni kweli. Lakini barua ya kupigwa muhuri, au kazi ya kurasa 60 yenye sura na majedwali, bado inamalizikia kwenye vidole vya mwandishi huyu.

Tufanye hesabu yake. Ukurasa mmoja uliojaa una herufi kama 2,000. Kwa Kiswahili, tuseme herufi moja kati ya tano ni A: hiyo ni mibonyezo 400 ya kitufe kimoja katika ukurasa mmoja. Kibodi za kawaida hutajwa kuvumilia mibonyezo milioni tano hadi kumi kwa kitufe. Mwandishi wa kurasa 30 kwa siku ataifikisha A yake milioni tano baada ya kurasa 12,500, yaani kama miezi 16 ya kazi. Hapo sijahesabu vumbi, chai iliyomwagika, wala mtoto wa jirani. Kwa upande wa mekanika, kampuni ya Cherry ya Ujerumani inatangaza mibonyezo milioni 100 kwa swichi yake nyekundu ya MX. Hata ukikata nusu ya tambo hilo kama tahadhari, pengo linabaki kubwa.

Pengo hilo linatokana na jinsi zilivyoundwa. Ndani ya kibodi ya dola saba au kumi kuna karatasi za plastiki zilizochorwa njia za umeme, na juu yake limelala tandiko la mpira lenye vibonye. Ukibonyeza, kibonye kinabonyea, karatasi zinagusana, herufi inatokea. Vitufe vyote vinategemea karatasi hizo hizo. Njia moja ikikatika au ikiliwa na kutu ya soda iliyomwagika, kundi zima la herufi linakufa, na hakuna cha kutengeneza. Kibodi ya mekanika inakipa kila kitufe swichi yake: kijiti cha plastiki, springi ya chuma, na vipande viwili vya madini vinavyogusana. Swichi za MX za Cherry zilianza miaka ya 1980 mwanzoni. IBM ilitoa kibodi yake ya Model M mwaka 1985 kwa mtindo mwingine wa springi, na mpaka leo ziko zinazofanya kazi. Hataza ya Cherry ilipokwisha muda, viwanda vya China kama Kailh, Gateron na Outemu viliingia sokoni na bei ikaporomoka. Leo kibodi ya mekanika isiyo na majivuno inapatikana mtandaoni kwa dola 30 hadi 50, kabla hujalipa usafiri.

Rangi za swichi ndizo zinazowachanganya wanunuzi, na hazina siri yoyote. Nyekundu inashuka moja kwa moja bila kikwazo na inataka nguvu ndogo. Kahawia ina kituta kidogo njiani, kidole kinahisi herufi imepokelewa. Bluu ina kituta na mlio wa wazi, tik kwa kila herufi. Nyeusi ni kama nyekundu ila springi yake ni ngumu zaidi. Kitufe kwa kawaida kinashuka milimita nne, lakini herufi inapokelewa karibu na milimita mbili. Hapo ndipo faida ya mwandishi ilipo: akizoea, hana haja ya kugonga hadi chini, na kugonga hadi chini siku nzima ndiko kunakochosha viungo vya vidole. Kwa mwandishi wa kulipwa ningependekeza kahawia. Bluu ina wapenzi wake, na chini ya paa la bati wakati wa mvua ya Masisi hakuna atakayelalamikia mlio wake. Jua likiwaka, mteja anayesubiri kwenye benchi atalalamika.

Lakini rangi ya swichi ni jambo la pili. La kwanza ni mpangilio wa herufi, na hapa wauzaji wanatudanganya bila hata kujua. Kongo ilirithi AZERTY kutoka kwa utawala wa Kibelgiji, na shule na ofisi zimebaki nayo. Uganda, Kenya na Tanzania zinatumia QWERTY. Laptop za mitumba zinazofika Goma kutoka Dubai na Kampala nyingi zina QWERTY, na muuzaji anabandika vibandiko vya herufi juu yake. Vibandiko vinabanduka, gundi inabaki, vumbi la mawe ya volkano la Goma linanasa kwenye gundi. Hata AZERTY yenyewe si moja. Ukichagua kwenye Windows Kifaransa cha Ufaransa wakati kibodi yako ni ya Kibelgiji, unabonyeza alama ya mshangao inatokea mstari wa chini. Waandishi wengi wamelaumu kirusi kwa kosa hilo, kumbe ni chaguo moja tu ndani ya mipangilio.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likisemwa. AZERTY ni mzigo kwa Kiswahili. Irabu zote tano, A, E, I, O na U, zimepangwa safu ya juu. Kwa kuwa silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, mkono wa anayeandika Kiswahili unapanda juu na kushuka bila kupumzika. Chukua maneno mawili tu: wanafunzi wanasoma. Yana herufi 17. Kwenye AZERTY, tisa kati ya hizo ziko safu ya juu, tano safu ya chini, na tatu tu, F, S na M, ziko safu ya katikati ambako vidole hupumzika. Kwenye QWERTY, herufi saba ziko safu ya katikati, kwa sababu A imekaa pale chini ya kidole kidogo cha kushoto. AZERTY imempa nani nafasi hiyo nzuri? Q, herufi ambayo Kiswahili hakiitumii kabisa.

Sisemi tuitupe AZERTY. Bulletin na TFC zinaandikwa kwa Kifaransa, na é, è, ç na à ziko pale pale safu ya tarakimu, kidole kimoja, bila kuhangaika. Tena vidole vilivyozoea miaka kumi havibadilishwi kwa makala ya gazeti. Ninachosema ni kwamba anayeandika Kiswahili kwenye AZERTY anatembeza vidole zaidi kuliko mwenzake wa Kampala, kwa hiyo ana haki zaidi ya kutafuta vitufe vyepesi. Anayesema kibodi yoyote ni kibodi hajawahi kuandika majina ya familia 300 kabla ya saa kumi jioni.

Mpangilio huo huo unaamua ukubwa wa kibodi. Vijana wa michezo wanapenda kibodi ndogo zisizo na sehemu ya namba pembeni, ili panya apate nafasi mezani. Kwa mwandishi wa Kongo hilo ni kosa la kulipia pesa. Kwenye AZERTY tarakimu za safu ya juu hazitoki mpaka ushikilie kitufe cha herufi kubwa. Jaribu kuingiza alama za wanafunzi 50 katika masomo 14 kwa njia hiyo uone. Sehemu ya namba ndiyo inayoiokoa jioni yako. Angalia pia upande wa kushoto chini: AZERTY kamili ina kitufe kidogo cha alama za < na > kati ya kitufe cha herufi kubwa na W. Kibodi nyingi za michezo za bei nafuu zimetengenezwa kwa soko la Marekani, zina vitufe 104 badala ya 105, na kitufe hicho hakipo.

Wapo watakaokuambia nunua QWERTY halafu hamisha kofia za vitufe mwenyewe: A iende kwa Q, Z iende kwa W, M ipande pembeni ya L. Inawezekana, kwa sababu kofia za mekanika hung'oka na kurudi. Ila kwenye kibodi nyingi kila safu ina urefu na mwinamo wake, na kofia iliyohamishwa safu itasimama kama jino lililoota vibaya. Hili linakwepeka tu kwa kofia za umbo moja kwa safu zote, zile zinazouzwa kwa majina ya XDA au DSA. Na ukichagua kofia, ulizia plastiki ya PBT. Ile ya ABS huanza kung'aa kwa mafuta ya vidole mapema, na herufi zilizochapwa juu juu hufutika. A hufutika kwanza. Kwenye secrétariat yoyote ya zamani utaona kitufe cheusi kitupu mahali pake.

Sasa tuje kwa vijana, maana kompyuta ile ile ya mchana ikifika jioni huwa ya mchezo. Mashine za zamani zinaendesha bila shida Counter-Strike 1.6 na GTA San Andreas, na hapo kibodi ya mpira inaaibika. Bonyeza vitufe vitatu pamoja, mbele, kando na kuruka, na baadhi ya michanganyiko haipokelewi. Mchezaji anakwama ukutani na kumlaumu mwenzake. Kibodi nzuri za mekanika hupokea vitufe vyote hata vikibonyezwa kwa pamoja. Hilo linamfaa na mwandishi mwenye mbio pia, maana vidole vyake hubonyeza herufi ya pili kabla ya kuachia ya kwanza. Hapo mchezo na kazi vinapatana.

Vinapogombana ni kwenye mpangilio. Michezo mingi hutaka W, A, S na D, ambazo mahali pake kwenye AZERTY zimekaa Z, Q, S na D. Kijana anabadilisha lugha ya kibodi iwe Kiingereza ili acheze, wakati mwingine bila kukusudia, kwa kugusa Alt na kitufe cha herufi kubwa pamoja. Anazima mashine, anakwenda kulala. Asubuhi mwandishi anaanza barua kwa neno avec na skrini inamwonyesha qvec. Anaandika Masisi inatokea :qsisi. Mteja wa kwanza anasubiri na mashine imeingiwa na wazimu. Dawa ni kumfundisha kijana kubadilisha vitufe ndani ya mchezo wenyewe, kwenye mipangilio yake, na kuiacha Windows kama alivyoikuta.

Mengine ya wachezaji tuyapite haraka. Kibodi zinazotuma taarifa mara 8,000 kwa sekunde badala ya 1,000, na swichi za sumaku zinazopokea mbonyezo kwa sehemu ya milimita, ni vita vya mashindano makubwa. Agosti 2024 kampuni ya Valve ilibidi ipige marufuku kwenye seva zake za Counter-Strike 2 mbinu za kibodi zinazompa mchezaji faida kwa kujiendesha zenyewe. Kwa mtu anayecheza dhidi ya kompyuta yake mwenyewe chini ya balbu ya sola, hizo ni dola za kutupa.

Na sola ndiyo inayotukumbusha habari ya taa. Kibodi ya waya bila taa inakula umeme mdogo mno. Ile ya rangi saba, taa zake zote zikiwaka, inaweza kukaribia ukomo wa mlango wa kawaida wa USB, yaani miliampea 500 kwa volti tano, wati mbili na nusu. Mezani Goma, mtaa wenye umeme wa Virunga, hazionekani. Kwenye laptop yenye betri iliyochoka, mawingu yakiwa yameifunika milima tangu asubuhi, wati mbili na nusu ni kurasa kadhaa za mteja. Nunua isiyo na taa, au jifunze kitufe cha kuzizima. Bluetooth nayo iache: inataka betri yake, na betri ni kitu kingine cha kutafuta.

Sifa ninayoitanguliza juu ya zote, baada ya mpangilio, ni swichi zinazong'oka. Kibodi za mekanika ziko za aina mbili: zilizolehemiwa na zenye matundu. Kwenye ya kwanza, swichi ikifa unahitaji chuma cha kulehemu, mkono mtulivu na umeme. Kwenye ya pili, unaitoa kwa koleo dogo linalokuja na kibodi, unachomeka nyingine, dakika haijaisha. Kuwa makini na za bei ya chini kabisa: baadhi zina matundu membamba yanayopokea swichi za Outemu peke yake. Ukinunua, nunua na paketi ya swichi za akiba, ni dola chache tu. Tangu Januari 2025, Masisi-centre na kisha Goma zilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na benki za Goma zikafunga milango, kila safari ya kwenda kutafuta spea imekuwa na hesabu yake ya pesa na ya usalama. Kitu kinachotengenezeka pale kilipo kina thamani ambayo haiandikwi kwenye boksi.

Lehemu hiyo yenyewe si ngeni kwetu. Kiungo chake kikuu ni bati. Aina inayotumika sana viwandani, isiyo na risasi, ni bati kwa zaidi ya asilimia 96, na karibu nusu ya bati lote duniani huishia kwenye lehemu. Bisie, katika teritware jirani ya Walikale, kuna mgodi wa kampuni ya Alphamin ambao peke yake unatoa kama asilimia sita ya bati la dunia. Machi 2025 vita vilipousogelea, ukasimama kwa wiki kadhaa, na bei ya bati ikapanda mbali huko London. Koltani ya Rubaya, hapa hapa Masisi, inaingia zaidi kwenye simu na kompyuta kuliko kwenye kibodi. Sitaki kugeuza hili kuwa wimbo wa malalamiko. Nalisema kwa sababu bado nasikia watu wa kwetu wakiambiwa kwamba kifaa bora si cha watu wa vijijini. Madini yanapotoka hayajawahi kuulizwa kama ni ya kijijini.

Zipo hoja za upande wa pili na zina uzito. Kibodi ya mekanika ya ukubwa kamili ina karibu kilo moja, na katika nchi ambayo mtu anaweza kuamka usiku akabeba alichoweza, kilo moja ni kilo moja. Haizuii maji, chai ikiingia ndani ya swichi itaziharibu nazo pia, ingawa utabadilisha tatu badala ya kutupa zote. Vumbi linaingia, linataka brashi kila wiki. Na dola 40 ni pesa nyingi kwa mtu anayelipwa franka kwa ukurasa. Naikubali hiyo ya mwisho kuliko zote. Lakini mhesabie pia kibodi nne za dola kumi alizonunua na kutupa, nauli ya kuzifuata, na siku alizofunga mlango. Na kibodi ya nje inalinda ile ya laptop, ambayo ikifa fundi lazima aifungue mashine nzima.

Kwa hiyo anayetafuta ashike mambo kwa mpangilio huu: AZERTY yenye vitufe 105 na sehemu ya namba, swichi zinazong'oka, kahawia au nyekundu, waya unaochomoka pande zote mbili, kwa kuwa waya hukatika kabla ya kibodi, taa zisiwepo au zizimike. Akifika dukani asiridhike na kuona herufi zikitokea. Afungue ukurasa mtupu aandike aya nzima, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, muuzaji akinuna anune.

Maneno yangu ya mwisho ni kwa wanaonunua kwa niaba ya wengine: shule zinazofundisha kupiga mashine, parokia, mashirika yanayogawa kompyuta katika Masisi na Walikale. Kwenye orodha zenu neno clavier linachukua mstari mmoja, bila maelezo, na anayeshinda zabuni analeta kibodi za bei ya chini kuliko zote. Ongezeni mstari wa pili wenye sifa nilizozitaja. Na kabla ya kusaini, mwiteni mtu mmoja anayeandika kwa malipo, mumwekee kibodi mbili tatu mezani, mumpe nusu saa. Yeye ndiye atakayeishi nayo, basi uamuzi uwe wa vidole vyake.